Harusi ya Ombaomba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyopelekwa kuolewa nikiwa nimefichwa kati ya magunia ya pamba. Ukinitazama sasa na mkongojo wangu na haya meno machache, huenda usiamini. Lakini nami nilikuwa msichana, tena mrefu, tena mpenda kucheka, na siku hiyo nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ingawa nyuma yetu tulikuwa tumeacha majivu. Kaa vizuri nikusimulie. Chai bado haijachemka, na mimi siku hizi sina safari.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kwetu ni upande wa Masafu, Wasamia wa kulima wimbi na mihogo, na pamba kwa ajili ya kodi. Baba yangu aliitwa Ouma. Alikuwa mtu wa kifua kipana na sauti nene, na ujanani mwake alijulikana zaidi kwenye mtungi wa pombe kuliko shambani. Kisha akaenda Tororo kufanya kazi ya kuvunja mawe ya reli, na huko akakutana na watu waliosali na kuimba kila jioni baada ya kazi. Aliporudi nyumbani alikuwa na Biblia mkononi, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba mama msamaha mbele yetu sisi watoto. Mama alidhani ameugua. Alimpikia uji.

Lakini Baba hakurudi nyuma. Taratibu jamaa wachache wakaanza kuja kwetu kusali, mama zetu wawili watatu wajane, fundi viatu mmoja na mkewe, vijana kadhaa. Wakajenga kibanda cha nyasi kwenye shamba letu, na kwa kuwa hatukuwa na kengele, tuligonga rimu kuukuu ya gari. Watu wakatuita Ombaomba. Ni jina la kuchekesha, kwa maana kwetu kumwomba Mungu na kuomba chakula kwa jirani ni neno moja. Ukipita njiani watoto walikunyooshea viganja: "Nisaidie, nisaidie!" Mimi nilikuwa nikiweka jani kwenye kiganja cha mtoto na kumwambia, "Haya, pokea, umebarikiwa."

Sitaki nikudanganye kwamba sisi tulikuwa malaika. Baba alipookoka aliokoka na ile sauti yake nene. Aliweza kupita mahali wazee wamekaa na mirija yao kuzunguka mtungi, akasimama, akawahubiria mpaka pombe ikapoa. Jambo hilo liliwaudhi, nami siwalaumu kwa kuudhika. Lakini kuudhika ni kitu kimoja, na walichotutendea baadaye ni kitu kingine.

Mwaka huo mvua za kupandia zilichelewa. Ardhi ikapasuka, mbuzi wakawa wanakula magome. Wazee wa ukoo wakaamua kufanya tambiko la mvua, na kila nyumba ikatakiwa kutoa kuku na wimbi la pombe. Baba akasema, "Wimbi nitampa yeyote mwenye njaa. Kwa tambiko siwezi, dhamiri yangu hainiruhusu." Mzee aliyesimamia tambiko hilo alikuwa kaka yake wa tumbo moja, baba yangu mkubwa Odwori. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Aliposikia hayo aligeuka akaenda zake.

Tambiko likafanyika na mvua haikunyesha. Ikabidi apatikane wa kulaumiwa, na sisi tulikuwa karibu.

Kwanza walitufungia chemchemi. Mama alikwenda alfajiri na mtungi wake akakuta miiba imewekwa njiani, na wanawake aliolima nao, aliowazalisha baadhi yao, wamesimama mbele ya miiba. "Ninyi si mna Mungu wenu," wakamwambia, "mwambieni awape maji." Tangu hapo Mama alikuwa akiteremka mpaka kwenye bwawa la mafunjo, mbali sana, kuchota maji yenye matope na kuyachuja kwa kitambaa. Hakulalamika. Lakini alinyamaza, yeye aliyekuwa akiimba akisaga.

Kisha mkungu wetu, ndiye mkuu wa kijiji, mtu mmoja aliyeitwa Wandera, akatangaza kwamba Ombaomba wasikusanyike tena. Alisema serikali haitaki dini zisizo na ruhusa, na kweli serikali ya siku hizo iliogopa kila kundi lililoimba pamoja. Kanisa kubwa nalo halikututetea, maana wakubwa wake walituona kama watoto waliotoroka nyumbani. Basi tulikuwa hatuna upande. Jumapili iliyofuata tukasali kama kawaida, na tukiwa katikati ya wimbo tukasikia nyasi zinalia. Moto. Tulitoka sote salama, ila fundi viatu aliungua mkono akimtoa mama mmoja kizee. Nje nilimwona aliyeshika kienge cha moto. Alikuwa Baba mkubwa Odwori.

Askari wa mkungu wakamchukua Baba mpaka makao ya gombolola, ndiyo ofisi ya tarafa, wakamlaza chini wakamchapa kiboko mbele ya watu, wakamfungia. Walipomwachia alitembea nusu siku kurudi nyumbani, akitembea kama mzee. Mama alimkanda mgongo kwa maji ya bwawa. Nilimsikia Baba anamwambia, "Mama Nafula, usilie. Sasa nimejua kwamba ninaamini. Zamani nilikuwa nasema tu."

Nafula ni mimi.

Sasa nikuambie habari za babu yako, maana najua ndizo unazozingoja. Owor alikuwa seremala, Mjapadhola wa Mulanda, kule upande wa Tororo. Alikuwa amefahamiana na Baba kwenye ile kazi ya mawe, na kabla kibanda chetu hakijachomwa alikuja kututengenezea mabenchi. Yeye hakujua Kisamia, mimi sikujua Kipadhola. Tulichokuwa nacho ni Kiswahili cha mpakani, kile cha sokoni, nacho kina maneno mengi ya kuuliza bei ya samaki na machache ya mapenzi. Neno moja tu tulilikuta ni lile lile katika lugha zetu zote mbili: kwao Mungu ni Were, na kwetu Mungu ni Were. Tukaona huo ni mwanzo mzuri.

Siku moja nilimpelekea uji pale alipokuwa akipiga randa. Akaweka randa chini, akajipangusa jasho, akaniambia:

"Nafula, mimi nataka sema kitu kwa wewe. Lakini Kiswahili yangu imeisha."

"Basi ngoja," nikamwambia. "Ikirudi utaniita."

Akanywa uji wote, akanirudishia kata, akasema, "Imerudi. Mimi nakupenda." Nilikimbia mpaka jikoni. Mama aliniona uso akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa miezi mingi.

Jamaa zake walikuja, mazungumzo yakaenda vizuri, siku ikapangwa. Ndipo yale yote ya chemchemi na moto yakatokea. Mkungu Wandera aliposikia kwamba kuna harusi, akatuma askari kusema: Ombaomba hawaoani katika kijiji changu. Yeyote atakayeonekana anakwenda na bibi harusi atakamatwa apelekwe kulima barabara. Na binti asitoke, maana wazee wa ukoo hawajambariki. Hapo ndipo palipouma. Kwetu binti akiolewa bila baraka ya mkubwa wa ukoo ni kama ametupwa, na mkubwa huyo alikuwa Baba mkubwa Odwori.

Baba akaenda Busia kumwona rafiki yake, Mzee Ramadhani. Huyu alikuwa Mwislamu, mwenye lori lililobeba pamba kutoka vijiji vyetu hadi kwenye kinu cha kuchambulia Tororo. Mkewe aliitwa Bi Zuhura, mama mnene mwenye macho makali, aliyepika maandazi yaliyojulikana pande zote mbili za mpaka. Baba aliwaeleza. Mzee Ramadhani akajikuna ndevu, akasema, "Ouma, mimi sheria yangu ni kubeba pamba. Wakisema nimebeba watu nitashtakiwa. Lakini kama pamba itakuwa na miguu, hilo ni kosa la mkulima." Bi Zuhura alicheka mpaka akaangusha mwiko. Ndivyo Baba alivyotusimulia, na hatukujua kama ni mzaha mpaka alfajiri tuliposikia lori linakohoa kwenye njia ya shambani.

Tukapanda. Magunia yalipangwa kando kando yakaacha shimo katikati, tukaingia humo kama kuku, Baba na Mama, mimi, fundi viatu na mkewe, wale wajane, vijana. Mengine yakawekwa juu yetu, kisha turubai. Baba alilala kifudifudi kwa sababu mgongo wake ulikuwa bado mbichi. "Ee Were," akanong'ona, "tangu wanichape, leo ndiyo mara ya kwanza nalala pazuri." Tukaanza kucheka chini chini, kicheko kile kibaya cha watu wasioruhusiwa kucheka.

Karibu na Busia lori likasimama. Nikasikia sauti ya askari.

"Mzee Ramadhani, unabeba nini leo?"

"Pamba, afande. Kuna kingine Masafu?"

"Mkungu ametuma habari. Anasema kuna watu wanapita."

Tukaganda. Nikasikia viatu vyake vinazunguka lori, kisha fimbo inadunda gunia, moja, jingine. Vumbi la pamba likatushukia. Nikamwona Baba anakunja uso, anabana pua, anatikisa kichwa kama ng'ombe mwenye nzi. Mama akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Haikusaidia kitu. Baba alipiga chafya, mwanangu, chafya ya kile kifua chake kipana, mpaka turubai likainuka.

Viatu vya askari vikasimama.

"Mzee," akasema askari polepole, "hii pamba yako iko na mafua."

Mzee Ramadhani akajibu bila kusita, "Ndiyo maana naiwahisha Tororo, afande. Ikikaa itaambukiza nyingine."

Sikumwona askari yule uso wake, na sikujua jina lake wala dini yake. Nilisikia tu anajaribu kujizuia, kisha akashindwa, akacheka, akapiga bodi la lori kwa kiganja. "Peleka! Peleka mgonjwa! Na mwambie huyo pamba apone haraka." Lori likang'oka. Huko ndani tulilia kwa kucheka, sote isipokuwa Mama. Kila nikimwombea mtu ambaye simjui, namkumbuka huyo kwanza.

Tulipofika nyumbani kwa Mzee Ramadhani, Bi Zuhura aliniangalia nikishuka, nimejaa pamba toka nywele hadi kucha, akapiga makofi. "Maashallah, bibi harusi mzungu! Ingia ndani upesi. Hakuna anayetoka nyumbani kwangu kwenda kuolewa akinuka magunia." Akaniogesha mwenyewe. Maji yalikuwa safi, nikakumbuka ni muda gani sijaoga maji safi. Akanifukiza udi, akanivika leso mpya ya rangi ya machungwa, akamfunga Mama nyingine kama hiyo kiunoni. Halafu akatwaa sufuria kubwa ya pilau aliyoipika usiku na kumpandisha mbuzi mzima mzima kwenye lori. "Mimi siendi harusini mikono mitupu," akasema, akakaa mbele karibu na mumewe. Kutoka hapo hatukujificha tena. Tulisimama juu ya magunia tukaimba barabara nzima ya Tororo, na mwamba mkubwa wa mji ule ukatutazama tukipinda kuelekea Iyolwa, njia ya Mulanda.

Mulanda walitupokea kwa ngoma. Wanawake wa kwao walitukimbilia njiani, "Yoga! Yoga!", salamu yao hiyo, wakanizunguka, wakanishika mikono kana kwamba nimerudi na wala si mgeni. Huko chifu wao hakusumbua watu na sala zao. Kulikuwa na kanisa dogo la udongo lenye mabenchi ya Owor, na mchungaji mzee wa kundi lile lililosali na Baba kwenye kazi ya mawe. Owor alikuwa amevaa koti aliloazima, mikono ya koti imeishia katikati ya mkono wake. Mchungaji alipomwuliza kama ananitaka, alisahau kabisa lugha, akajibu kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili, kisha akaongeza na neno moja la Kisamia alilojifunza kwa siri: "Muno!" Sana! Kanisa zima likaangua kicheko, na mimi nikaolewa nikicheka.

Tulikuwa tumetoka nje, mbuzi ameshachinjwa na Mzee Ramadhani, nyama iko motoni, ngoma zimekolea, ndipo nikaona vumbi kwenye njia inayotoka mabwawani. Watu wanakuja kwa miguu. Mbele yao Mkungu Wandera akisukuma baiskeli iliyotoboka gurudumu. Nyuma yake wanaume wa ukoo wetu, na kati yao Baba mkubwa Odwori na fimbo yake. Walikuwa wamekuta nyumba zetu tupu, wakakata njia ya mkato kunifuata wanirudishe.

Ngoma zikakatika. Vijana wa Mulanda wakaokota fimbo. Baba mkwe wangu akasimama mlangoni mwa boma lake akawaambia kwa upole kwamba hapa si Masafu, mkungu wa huko hana amri hapa, na wageni wakitaka kuzungumza wazungumze wamekaa. Wandera akafungua mdomo kujibu, lakini koo lake lilikuwa limekauka, ikatoka sauti kama mlango mbovu. Walikuwa wametembea juani tangu asubuhi. Midomo yao ilikuwa imepasuka. Baba mkubwa alikuwa anaegemea fimbo.

Mtungi wa maji ulikuwa karibu na Mama. Mmoja wa wanawake wa Mulanda akachukua kata kwenda kuchota, kama ilivyo desturi kwa mgeni yeyote. Mama akaweka mkono wake juu ya mdomo wa mtungi.

"Hao hapana," akasema. "Wao walinipeleka mimi kwenye matope. Hao maji yangu hawanywi."

Hakuna aliyemlaumu. Mimi mwenyewe nilihisi moyo wangu unasema, sawasawa, Mama. Mke wa fundi viatu alisema, "Haki yao."

Bi Zuhura alikuwa anakoroga sufuria. Akauacha mwiko, akaja, akachuchumaa karibu na Mama, mabega yao yakagusana.

"Dada," akasema, "ninyi mmeonja uchungu wa kunyimwa maji. Sasa mnataka kuonja utamu wa kunyima? Utamu upo, mimi sikatai. Ila ukishauzoea huachi."

"Wewe hujui," Mama akamwambia.

"Najua. Baba yangu alipokuja Busia na msikiti wake wa udongo, watu waliubomoa. Walisema tumeleta magonjwa. Hakuna aliyetuuzia kitu, na mimi nilikuwa mchanga, Mama yangu amekaukiwa maziwa. Unajua nani alinilisha? Bibi mmoja wa Kisamia, mpiga ramli. Hakuwa Mwislamu wala hakuwa Mkristo, bibi wa tambiko kama hao walio pale njiani. Kila asubuhi alikuja na kibuyu cha maziwa, na wenzake walimtukana kwa ajili yetu. Hakutaka tufuate mizimu yake. Alitaka mtoto anyonye. Mimi leo nimenenepa hivi, ni kwa maziwa ya mtu ambaye mngemwita mpagani." Akageuka akatutazama sote, na macho yake yalikuwa makali kweli. "Na ninyi mliopita kwenye moto juzi, mnataka kuanza harusi hii kwa kuhesabu nani anastahili maji? Basi nirudishieni pilau yangu."

Nikaona machozi yanamteremka Mama. Kisha akaondoa mkono wake kwenye mtungi, akachota, akanipa mimi kata.

"Peleka wewe," akasema. "Mimi mikono yangu bado haijaweza."

Nikaenda. Nilikuwa na leso yangu ya rangi ya machungwa, na udi unanukia, na watu wote wananitazama. Nikapiga magoti mbele ya Baba mkubwa Odwori kama nilivyofundishwa tangu utoto, nikamnyooshea maji kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba mkubwa. Poleni na safari."

Aliyatazama yale maji. Yalikuwa meupe, unaona mpaka chini ya kata. Nadhani alijua sisi tumekuwa tukinywa nini. Fimbo ikamwanguka. Akapokea, akanywa, akapumzika, akanywa tena, na maji mengine yakamdondokea kifuani.

"Nimekuja kukurudisha," akasema.

"Najua, Baba mkubwa."

"Nilikubeba mgongoni ulipokuwa na surua."

"Najua, Baba mkubwa."

Akamtafuta Baba kwa macho. Baba alikuwa amesimama pale, na ndugu hawa wawili wakatazamana. "Ouma," akasema, "geuka." Baba akageuka. Alikuwa amevaa shati, lakini damu ilikuwa imepita kidogo pale magunia yalipomkwaruza. Baba mkubwa akaiona. Akatia maji mdomoni, hakuyameza. Akaja mpaka kwangu, akanipulizia kifuani na usoni, manyunyu mepesi ya baridi, na hiyo ndiyo baraka ya mzee wa Kisamia kwa binti anayetoka. "Nenda uzae," akasema. "Nenda uwe na watu." Wanawake wakapiga vigelegele, Wasamia, Wajapadhola na Bi Zuhura kwa sauti yake ya kwenye soko, na Mama akapiga goti akalia mpaka akaanza kucheka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Akabaki Mkungu Wandera na baiskeli yake. Maji aliyanywa, lakini akasema hawezi kula chakula cha Ombaomba, ana heshima yake. Mzee Ramadhani akamwekea sahani mbele. "Mkungu, huyu mbuzi nimemchinja mimi, na pilau amepika mke wangu. Hapa umekula kwa Waislamu. Ombaomba wenyewe ni wageni wetu tu." Wandera akafikiri. Akaona hilo linamfaa. Akala sahani tatu, na jioni akarudi nyumbani juu ya lori, baiskeli yake imefungwa nyuma, akiwa amekaa karibu kabisa na yule fundi viatu aliyeungua mkono. Sijui walizungumza nini. Fundi aliniambia walizungumza viatu.

Mambo hayakugeuka yote siku moja, mwanangu. Wandera aliendelea kutukataza kukusanyika mpaka alipobadilishwa. Lakini ile miiba kwenye chemchemi Baba mkubwa aliiondoa kwa mikono yake, asubuhi ya pili yake, na wanawake waliponung'unika aliwaambia mwenye neno aje kwake. Yeye hakuwahi kuwa Mkristo. Alitambika mpaka alipokufa, na Baba aliacha kumhubiria kando ya mtungi, akawa anamletea mahindi ya kuchoma na kukaa naye tu. Mvua ilinyesha ilipotaka kunyesha, ikanyeshea shamba la mkungu na letu. Kibanda kilijengwa tena, mlango ukawa kazi ya babu yako. Mama naye, ilimchukua muda. Msimu wa mavuno ya wimbi ndipo nilipomwona kwa macho yangu anampakulia Baba mkubwa ugali, na anamwuliza kama unatosha.

Sasa nisikilize. Wewe una redio, unasoma magazeti, na unaniambia kwamba mpaka leo kuna nchi ambako watu wanafungwa kwa sababu ya kusali, makanisa yanachomwa, na kwingine misikiti, na kwingine watu wa dini ndogo ambazo hata majina yake sijayasikia wanafukuzwa makwao na watoto. Ukisikia, usiseme ni mambo ya mbali. Waombee kwa majina ya nchi zao. Na kama wamekuja karibu nawe, wafungulie, wape maji kabla hujauliza wanasali vipi. Kama wewe ndiye unayeteswa, shika imani yako kama Baba alivyoshika, wala usiibadilishe kwa kuogopa kiboko. Lakini siku ukipata nguvu, na siku hiyo huja, wenye kuteswa jana wakawa ndio wengi leo, chunga sana mkono wako usikae juu ya mtungi. Na usione haya kama moyo wako bado unauma. Mama yangu alinipa mimi kata kwa sababu yeye hakuweza, na Mungu aliipokea hata hiyo. Anza na unachoweza.

Haya, chai imechemka. Sogea nikuwekee mkono kichwani. Were aliyetulinda barabarani akulinde na wewe. Akupe imani isiyohitaji kumchukia mtu ili isimame. Akupe majirani wa kila dini, na chakula cha kuwatosha wote, na harusi yenye kicheko kama ile yangu. Uzae, uwe na watu. Amina.